Mwizi wa Watu, Mwizi wa Maneno

Hebu tuanze mbali kidogo, ndugu msomaji. Katika mji wa Roma, karne ya kwanza, aliishi mshairi jina lake Martialis. Mashairi yake yalipendwa, yakaenea. Akatokea bwana mmoja, ambaye mshairi anamwita Fidentinus, akawa anayasoma mbele za watu kana kwamba kayatunga yeye. Martialis akamtafutia jina linalomfaa mtu wa aina hiyo: plagiarius. Neno hilo halikuwa la waandishi hata kidogo. Maana yake ilikuwa mwizi wa watu, yaani yule anayemteka mtu huru akamfanya mtumwa, au anayeiba mtumwa wa mwenziwe. Mshairi alisema mashairi yake ni kama watumwa aliokwisha kuwapa uhuru, na sasa kuna mtu anawatia tena minyororo.

Wazungu wakalichukua neno hilo, na mpaka leo ndilo wanalotumia vyuoni kwa kosa la kunakili kazi ya mtu na kuitia jina lako. Sisi twasema wizi wa maandishi. Wanachuo wetu wana neno lao jepesi zaidi: kudesa.

Kwa watu wa Morogoro jambo hili lisiwe geni. Njia ya misafara kati ya Unyanyembe na Bagamoyo ilipita hapa chini ya Uluguru, na watumwa walipitishwa humu kuelekea pwani. Stanley alipofika mwaka 1871 alikuta mji wenye ukuta na minara ya mawe, uliojengwa na Kisabengo. Anaandika kwamba Kisabengo alipata nguvu kwa kuwa kiongozi wa watumwa waliotoroka. Wakati huo mtawala alikuwa binti yake, Simbamwene. Kisabengo hakuwa malaika, aliogopwa sana. Lakini wale waliomfuata walijua vizuri maana ya kuibwa. Mtu akishauzwa hupewa jina jingine, na jasho lake linahesabiwa kuwa la bwana wake. Si ndivyo anavyofanyiwa mwenye maandishi?

Wapo washikaji wanaosema haya ya kutaja chanzo ni mambo ya Kizungu, kwamba kwetu hadithi za Sungura ni za wote. Bwana wee, si kweli. Babu zetu hawakusema methali bila kuanza na "wahenga walisema". Huko ni kutaja chanzo! Watunzi wa tendi za pwani walikuwa na desturi ya kutia majina yao kwenye beti za mwisho. Na kwenye elimu ya dini, hadithi ya Mtume hufuatana na mlolongo wa majina: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani. Uaminifu huu tulikuwa nao kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa hapa.

Sasa niseme langu. Mimi niliishia kidato cha nne. Kipindi fulani nilikuwa nachapa kazi za watu kwenye duka la steshenari hapa mjini. Akaja mwanafunzi wa chuo ambacho sitakitaja. Alitakiwa kufanya utafiti juu ya akina mama wanaoshuka na mboga kutoka milimani, akaniomba niufanye mimi. Nilikuwa sina hata nauli, nikakubali. Nikadamka alfajiri siku mbili, nikakaa na mama mmoja kwenye tenga lake. Akanieleza anatoka kwake saa ngapi, anamlipa nani ushuru, mboga zikinyauka anafanyaje. Nikaandika, nikalipwa. Jamaa akafaulu.

Kwa muda mrefu nilijiona mimi ndiye niliyeibiwa. Siku moja nikajiuliza: yale maneno yalikuwa yangu? Yalikuwa ya yule mama. Mimi ndiye niliyemuuza.

Na siko peke yangu. Jijini Nairobi wapo vijana wengi, wengine wana digrii, wanaowaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao kwa malipo. Mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya kuipiga marufuku biashara hiyo huko England. Kwetu, Aprili 2017, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakatakiwa waondoke kazini. Anayezoea kuvaa kazi ya mwenzake chuoni, atashindwaje kuvaa cheti kisicho chake?

Njaa ni sababu, lakini si haki. Vijana wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, ukichukua neno la mtu, liwe la profesa au la muuza mchicha, mtaje. Ukishindwa kumtaja, liache.

Nimerudi sokoni mara tatu kumtafuta yule mama nimwombe radhi. Wenzake wanasema siku hizi hashuki tena mjini. Nilipotaka kuuliza anaitwa nani, niliona aibu. Nilikaa naye siku mbili nzima na jina lake sikuuliza.