Chokaa, Boriti na Mirathi: Nani Atakarabati Nyumba ya Lamu?

Msomaji wa tenzi huijua nyumba ya mawe kabla hajatia mguu Lamu. Yapata karne mbili zilizopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, na humo akaitembeza nafsi yake ndani ya majumba ya Pate yaliyokuwa yamegeuka magofu, chumba kwa chumba, hadi kwenye zidaka zilizokuwa za kupangia vyombo. Wengi tunausoma kama utenzi wa dunia kupita, na ndivyo ulivyo. Lakini kila nikiurudia najiuliza swali la kifundi tu: kuta zile zilikuwa nene, za mawe, na wenyewe walikuwa na mali. Sasa zilianguka vipi?

Jibu linaanzia kwenye vitu ambavyo nyumba yenyewe imejengwa navyo. Chukua nyumba ya mawe ya Lamu, upande wa Mkomani, ambako nyingi ni za karne ya 18. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa bado mabichi ni laini, yanachongeka, ndiyo yaliyotumika kwa nakshi. Yale magumu ya nchi kavu ndiyo yaliyobeba ukuta. Chokaa nayo ilitoka kwenye mawe hayo hayo: magogo yanapangwa kwa duara, matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa, kisha jivu lile jeupe linaachwa miezi linyeshewe na mvua na kulowa umande hadi liive. Fundi wa zamani hakutumia chokaa ya jana.

Juu ni boriti, yaani miti ya mikoko. Watu wa Lamu wana jina kwa kila unene wa mti huo: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti iliyonyooka haipatikani ndefu sana, kwa hiyo chumba kinakuwa na upana wa mita 2.5 hadi 3 tu, hata mwenye nyumba awe tajiri namna gani. Akitaka ukubwa, anaongeza urefu. Ndiyo maana ukiingia nyumba hizi unapita chumba chembamba kirefu, nyuma yake kingine kama hicho, na nyuma yake kingine: kiwanda kilicho wazi, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Msitu wa mikoko ndio uliochora ramani ya nyumba.

Na nyumba haikuwa inakwisha. Katika familia za waungwana wa Lamu na Pate, binti akiolewa baba humpa nyumba, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Mabinti wakiwa wawili watatu, ghorofa hupandishwa, au ukuta wa jirani unatobolewa, au kunajengwa wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili za ndugu. Kwa hiyo anayesema leo kwamba anataka kuirudisha nyumba "ilivyokuwa", tumuulize: ilivyokuwa lini? Kabla ya harusi ya nani?

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya picha za Lamu hulipita haraka. Nyumba ya chokaa inataka mikono kila mwaka. Kuta zipakwe chokaa upya kabla ya mvua, nyufa za dari zizibwe, boriti iliyoliwa na mchwa itolewe na mpya itiwe. Dari lenyewe, lile tandiko la chokaa na kokoto juu ya boriti, lilipigwa kwa vijiti vya mbao siku kadhaa, kundi zima likienda pamoja kwa nyimbo, hadi lishikane lisipitishe maji. Ni picha nzuri. Lakini mikono ile ilikuwa ya nani? Sehemu kubwa ilikuwa ya watumwa. Ndio waliovunja mawe, wakabeba chokaa na kulima mashamba yaliyolipia vyombo vya kwenye zidaka. Wengine walilala vyumba vya chini vya nyumba hizo hizo. Utumwa ulipoondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, waungwana wengi walibaki na nyumba iliyojengwa kwa hesabu ya nguvukazi ambayo hawangeweza tena kuilipia.

Biashara nayo ilikuwa imeshahama. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani mwaka 1901, na mizigo ikaifuata. Lamu ikabaki na majahazi yake, samaki na boriti za kupeleka Ghuba. Vijana wakaenda Mombasa kutafuta kazi. Nyumba ikabaki na bibi, na chokaa ikaanza kurukwa mwaka mmoja, halafu mitatu, halafu kumi.

Ndipo ikaja saruji. Tusiwacheke waliokimbilia saruji. Mwenye nyumba aliyechoka kuzibaziba kila kusi aliambiwa kuna kitu ukikipaka mara moja umemaliza. Nani angekataa? Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe unapumua. Unavuta unyevu kutoka ardhini, pamoja na chumvi, na chokaa inauacha unyevu ule utoke taratibu. Ukiufunika kwa plasta ya saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma, na plasta ikibanduka inaondoka na uso wa jiwe. Kwa nje ukuta unaonekana imara kuliko wa jirani, kumbe ndani vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani vinaoza. Boriti haizami katikati kwanza, inakatikia pale isipoonekana.

Hata ukarabati wa nia njema unaweza kudhuru. Dari likivuja, njia nyepesi ni kumwaga tabaka jipya juu ya la zamani. Kizazi hiki kinamwaga, kijacho kinamwaga, na hakuna anayeondoa la chini. Mwishowe miti iliyowekwa kubeba tandiko moja inabeba matatu. Kisha juu yake linawekwa tangi la maji. Fanya hesabu: tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, imekaa juu ya boriti zisizozidi unene wa paja la mtu.

Ukitaka kuona jinsi mambo haya yanavyomalizikia, tazama Unguja, ambako Mji Mkongwe umejengwa kwa vitu hivyo hivyo. Kule baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na kugawiwa familia nyingi, chumba chumba, kwa kodi ndogo. Waliokosa makazi walipata makazi, na hilo si dogo. Ila nyumba iliyokuwa ya mtu ikawa ya serikali, na dari la wote likakosa wa kulipanda. Miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka, na mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji. Mji Mkongwe uliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka mafundi wakiwa kazini, na watu 2 wakapoteza maisha. Lile halikuwa nyumba ya bibi ya mtu, lilikuwa jumba maarufu kuliko yote kisiwani, na fedha za ukarabati zilikuwepo. Ukarabati uliochelewa ni kazi ya hatari.

Lamu nayo haikukosa watetezi. Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraq, aliuchunguza mji na kuuandikia kitabu miaka ya 1970. Mwaka 1986 mji ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria ya mambo ya kale, na mwaka 2001 ukaingia Urithi wa Dunia. Kwa karatasi, nyumba ziko salama. Lakini sheria inaweza kukukataza kubomoa, haiwezi kukununulia chokaa. Na vifaa vyenyewe vimekuwa mtihani. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi, na mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji mikoko wa Lamu waliingia mkumbo huo huo. Matumbawe hai nayo hayakatwi ovyo, na sababu ni nzuri: samaki wanazaana humo. Mazingira yanahifadhiwa na sheria moja, nyumba inahifadhiwa na nyingine, na fundi yuko katikati akitafuta boriti moja iliyonyooka.

Lakini kwa maoni yangu, kinachoziangusha nyumba za familia leo si sheria hizi wala si bahari. Ni hisa. Bibi amefariki, hakuweka wakfu. Watoto wake saba, wawili nao wameshafariki na kuacha watoto. Mmoja yuko Mombasa, mwingine Jeddah, mwingine Toronto. Kila mmoja ana fungu lake kwa mujibu wa mirathi, na kila mmoja ana neno la kukataa. Aliyebaki anaishi humo bila kulipa kodi, kwa hiyo wenzake wanaona yeye ndiye atengeneze. Yeye anaona akitengeneza atakuwa amewatengenezea wenzake. Abdulrazak Gurnah alilijengea suala la nyumba moja ya pwani riwaya nzima, By the Sea, ya mwaka 2001, na aliyekulia katika familia ya namna hii hawezi kusema ametia chumvi.

Hatimaye nyumba inauzwa. Mnunuzi, mara nyingi ni mgeni kutoka Ulaya au Nairobi, ana kitu ambacho warithi hawana: jina moja kwenye hati. Anaita mafundi wa hapa hapa, wanabandua saruji, wanauacha ukuta ukauke miezi, wanaegemeza dari na kubadilisha boriti moja moja, wanapaka chokaa. Nyumba inapona kweli. Siwezi kumlaani kwa hilo. Ila kiwanda alichochezea binti wa nyumba sasa kina bwawa la kuogelea, na wajukuu wakija likizo wanaionyesha kwa kidole kutoka kichochoroni.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, tena ya kizamani. Wakfu ilikuwepo hasa ili nyumba isikatwekatwe. Na pale ambapo wakfu haupo, warithi wanaweza kuandikiana mbele ya kadhi: anayekaa ndani alipe kodi, hata kama ni ndogo, na kodi ile iingie kwenye mfuko wa chokaa na boriti, isigawanywe. Warithi kumi wakichanga kidogo kila mwezi, kila mwaka kabla ya mvua fundi anapanda darini. Wakisubiri dari lianguke ndipo wachange, hakuna atakayeweza.

Kwa hiyo kama kwenu kuna nyumba ya mawe, kabla ya kumwita fundi, itisheni kikao cha ndugu. Na mkishakubaliana, muulizeni fundi swali moja tu kabla hajashika mwiko: utatumia chokaa, au saruji?