Habari za Homa ya Watoto katika Tarime na Serengeti

Katika mwaka wa jubilei watu hupenda kuhesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa na watu waliobatizwa. Ni vema. Lakini iko hesabu nyingine isiyochorwa juu ya jiwe la msingi, nayo ni ya watoto waliokufa kwa homa na ya wale waliopona. Twataka kusimulia jinsi homa hiyo ilivyofahamika kwetu hatua kwa hatua, maana habari zake zina fundisho kwa kila mzazi na kila mwalimu.

Nchi yetu si ya namna moja. Upande wa Ziwa Victoria na kando ya Mto Mara ni joto, na mbu ni wengi. Milima ya Tarime ina baridi. Mtoto wa bondeni hushikwa na malaria tangu uchanga, na akiishi hupata nguvu kidogo ya kuishindana. Mtoto wa mlimani haizoei. Basi ikipanda huko humkuta dhaifu, yeye na wazazi wake pia.

Wazee walijua vema dalili za homa kali: mwili kuwaka, macho kupinduka, viungo kukakamaa. Kwa Kiswahili hali hiyo huitwa degedege, na wengi walisema ni pepo anayempitia mtoto. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu waliamini pia kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Tusiwacheke. Walikuwa wameona kwa macho yao mtoto akipelekwa kwa tabibu saa ya mwisho, akachomwa sindano, akafa. Waliilaumu sindano, wala hawakuzilaumu zile siku mbili zilizopotea nyumbani. Kumbe degedege mara nyingi ni malaria iliyozidi.

Mwaka 1897 tabibu Ronald Ross, akiwa India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Lakini elimu husafiri polepole kuliko maradhi. Mwaka 1934 wamisionari wa Kanisa la Menno kutoka Marekani walianza kazi Shirati, na baadaye hospitali ikasimama pale. Zamani Shirati ilihesabiwa katika wilaya ya Mara ya Kaskazini, ambayo baadaye iliitwa Tarime. Tangu mwaka 2007 imo katika wilaya ya Rorya.

Hospitali hiyo iliingia katika habari za dunia kwa njia ya huzuni. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, tabibu Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba mataya. Uvimbe huo ni aina ya kansa, nao hukua upesi mno. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walifunga safari ndefu kwa motokaa kutoka Uganda hata Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba uvimbe huo hukaa katika nchi za joto na mvua, yaani nchi za malaria. Mwaka 1964 wataalamu wa London walikuta kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Lakini kirusi hicho kimeenea ulimwenguni kote; kwa nini basi kiwaumize hivi watoto wa Afrika? Wengi walidhani malaria ndiyo humsaidia.

Jambo hilo lilijaribiwa kwetu, Mara ya Kaskazini. Tangu mwaka 1977 hata 1982 watoto wenye umri chini ya miaka kumi walipewa vidonge vya klorokwini mara mbili kila mwezi. Mwanzoni malaria ilipungua, kisha ikarudi ingawa vidonge viliendelea. Uvimbe wa mataya ulipungua sana, na vidonge vilipokoma ukaongezeka tena. Hata hivyo watafiti walisema kweli: ulikuwa umeanza kupungua kabla ya vidonge, kwa hiyo sifa yote haiwezi kupewa dawa. Huu ni mfano mwema wa unyofu.

Tena klorokwini yenyewe ilishindwa, maana vijidudu viliizoea. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha, ikaweka dawa ya SP mahali pake. Hiyo nayo haikudumu, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Basi dawa ya jana iliyobaki kabatini si ya kutegemewa leo.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mtu anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe damu kwanza. Sababu ni dhahiri: si kila homa ni malaria. Mtoto mwenye nimonia naye huwaka mwili, na akipewa dawa ya malaria tu, siku zake zapotea. Mhesabuni pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi miwili hata kumi na miwili akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja hata mitano akifikisha 40, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Mwenye kuhara apewe maji ya chumvichumvi, pakiti moja katika lita moja ya maji safi, aendelee kunyonya na kula, na apate vidonge vya zinki. Tena mtoto yeyote asiyeweza kunyonya wala kunywa, atapikaye kila kitu, mwenye degedege, au aliyelegea asiamke, asingojwe hata asubuhi.

Enyi wazazi na walimu, katika habari hizi zote majina ya ugonjwa yalibadilika, na dawa zikabadilika. Neno moja halikubadilika: mtoto aliyefikishwa mapema alikuwa na nafasi ya kupona kuliko aliyecheleweshwa. Wale waliotangulia walikosa chandarua, kipimo na chanjo, sisi tunavyo. Basi jubilei hii itakuwa na maana nyumbani mwetu ikiwa usiku mtoto akilia kwa homa, mtu ataondoka akawashe taa, amtazame, na kushika njia.