Majalada ya Boma na Madaftari ya Mabatini

Anayetaka kujua Mwanza ya wakoloni iliendeshwaje hana haja ya kubahatisha. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyoanza mwaka 1963 na kupewa sheria yake ya kwanza mwaka 1965, inatunza majalada ya Wajerumani waliojenga boma Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Inatunza pia vitabu vya wilaya walivyoandika mabwana shauri wa Kiingereza, tena ina kituo cha kanda jijini Mwanza kinachotunza kumbukumbu tuli za ofisi za serikali za Kanda ya Ziwa. Lakini anayetaka kujua Mabatini, eneo la milimani jijini humo, ilikuaje, nani alimkatia nani kiwanja juu ya mawe, nani aliupa mtaa njia na nani aliifunga, ofisi hizo zitamsaidia kidogo sana. Watu huwa wepesi kuwalaumu watunza nyaraka kwa pengo la namna hii. Mimi naona lawama haiwafiki. Pengo limetokana na jinsi nyaraka zenyewe zinavyozaliwa, na halitazibika kwa kungoja masjala za serikali zilete maboksi zaidi.

Hifadhi ya nyaraka hupokea kilichoandikwa na ofisi, na ofisi huandika juu ya kile inachokitoza, inachokihesabu au inachokiogopa. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia watemi katikati ya miaka ya 1920, mabwana shauri walianza kujaza vitabu vya wilaya kwa nasaba za koo za kitemi, mipaka ya himaya na mila za urithi. Tusidhani walishikwa na mapenzi ya historia. Walitaka kujua ni nani mwenye haki ya kukusanya kodi kwa niaba yao, na nasaba ilikuwa njia ya kumpata. Reli ilipofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikawa na njia ya reli ya kwenda baharini, majalada ya mizigo, bei na vinu vya kuchambulia pamba yalinenepa. Wakulima nao walipojiunga chini ya Paul Bomani hadi kupata shirikisho lao la vyama vya ushirika, Victoria Federation, mwaka 1955, serikali iliwaandika kwa jicho la mashaka. Na ghasia za Geita za mwaka 1958 zilizidisha barua na ripoti. Yote hayo ni mali, na mwanahistoria mwenye akili husoma hata uoga wa aliyeandika. Hata hivyo, mji unaosafirisha pamba hauendi bila vibarua, na vibarua wana mahali wanapolala. Mtemi anazo kurasa zake kwa jina na kwa ukoo. Kuli wa bandarini, akibahatika, ni tarakimu kwenye ripoti ya mwaka.

Mabatini na mitaa jirani ya milimani ilikua nje ya tarakimu hizo, kwa sababu haikungoja ramani ya mipango miji. Mji uliopangwa huacha nyuma yake maombi ya viwanja, ramani na hati. Mtaa uliojijenga wenyewe humwingia ofisa kichwani pale tu unapomsumbua: kipindupindu kikizuka, Mto Mirongo ukifurika, au bomoabomoa ikitangazwa. Atakayeandika historia ya Mabatini kwa majalada hayo peke yake atatuletea mtaa wa maradhi, mafuriko na ukaidi, kana kwamba kati ya mafuriko na mafuriko hakukuwa na watu waliooana, waliokopeshana na kujenga msikiti au kanisa.

Karatasi za maisha hayo zipo. Kiwanja kisichopimwa kilipouzwa, mnunuzi na muuzaji walikaa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, mfumo uliosimikwa na TANU katika miaka ya 1960. Wakaandika hati ya mauziano kwa mkono: mpaka unaanzia jiwe gani, unapita mwembe gani, majirani ni nani, mashahidi ni nani, kiasi gani kimelipwa na kiasi gani kimebaki. Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 1994, mwenyekiti wa mtaa na baadaye mtendaji wameongeza madaftari ya wakazi, barua za utambulisho na mihutasari ya usuluhishi. Hii ndiyo masjala ya Mabatini. Na serikali yenyewe huitambua inapoihitaji: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipofungua njia ya leseni za makazi na urasimishaji, kazi ya kujua nyumba ni ya nani iliegemea ushahidi wa majirani, viongozi wa mtaa na hati hizo hizo zilizokunjwa kwenye mifuko ya nailoni. Sasa ikiwa karatasi hiyo inatosha kumpa mtu haki ya ardhi, kwa nini isitoshe kuingia katika historia?

Kutoandikwa kuna gharama, na hakuna mahali ilipoonekana wazi kama ziwani. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwepo, nayo ilikuwa na watu 443, wakati meli ilistahili kubeba 430 kwa jumla. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio, na waliozikwa Igoma hawakamilishi hesabu. Aliyelipa nauli ndogo hakuandikwa alipopanda, na alipozama hakukuwa na wa kumhesabu.

Wapo watakaosema kwamba historia ya uswahilini iko midomoni mwa wazee, na makaratasi hayaongezi kitu. Masimulizi yana uzito wake, lakini mzee wa leo Mabatini mara nyingi alifika mtu mzima kutoka Magu, Ukerewe, Musoma au Bukoba; anajua alichokiona, na mwaka wa mauziano ya jirani yake haujui. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyekuwa na kumbukumbu kuliko wengi wetu, hakuamini mdomo peke yake. Aliandika riwaya yake kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilipochapwa mwaka 1980 alikuwa mzee sana. Ingebaki simulizi tu, tusingekuwa nayo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la faragha. Hati za mauziano na mihutasari ya usuluhishi zimejaa ugomvi wa ndoa, deni na urithi. Ukizikusanya hovyo utaamsha kesi zilizolala. Naikubali hofu hii, ila jibu lake liko tayari katika Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002: kumbukumbu za umma hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Kanuni hiyo inaweza kutumika pia kwa karatasi za watu binafsi zinazotolewa kwa hiari. Tena karatasi iliyofungiwa kituoni ina siri zaidi kuliko daftari ambalo kiongozi wa mtaa ameliacha kwenye chumba cha kupanga baada ya uchaguzi. Wengine watasema tupige picha kwa simu, basi. Picha isiyojulikana ni ya daftari gani, la mtaa gani, la mwaka gani, haimsaidii mtafiti wala hakimu. Kazi ya kupanga, kutambua na kutunza asili haikwepeki. Kuhusu fedha, sioni haja ya jengo jipya kwanza. Kinachohitajika mwanzo ni ofisa mmoja, fomu ya makabidhiano na boksi.

Sheria ya 2002 inazihusu pia serikali za mitaa, na mtendaji wa mtaa ni mtumishi wa umma. Madaftari yake si mali yake wala ya mwenyekiti. Kwa hiyo kituo cha Mwanza na halmashauri ya jiji wakubaliane jambo moja kabla ya uchaguzi ujao wa mitaa: kiongozi anayeondoka akabidhi madaftari yote kwa orodha iliyosainiwa, na yaliyokwisha matumizi yapelekwe kituoni. Na tarehe 9 Juni, Siku ya Nyaraka Duniani, maofisa wapande Mabatini na mashine ya kunakilia. Wanakili hati za mauziano za wanaopenda, wawarudishie za asili siku hiyo hiyo, na kila aliyetoa apewe stakabadhi yenye jina lake.