Munkoyo, lutuku, kasiksi: vinywaji ambavyo wamama walivumbua nyumbani

Wasikilizaji wengi wameniuliza juu ya mambo haya ya kuchanganya vinywaji nyumbani. Siku hizi ku Katuba kijana ananunua lutuku kidogo, anatia tangawisi, ndimu na sukari, halafu anaita wenzake waonje. Wazee wanasema ni kuiga sinema za wazungu. Mimi naona hapana. Muji huu umekuwa ukichanganya tangu siku zake za kwanza, na waliochanganya walikuwa wamama.

Tuanze na munkoyo, juu ndiyo mukubwa wa vyote. Mama anapika uji mwepesi wa bunga ya muhindi, anauacha upoe kidogo, kisha anatia mizizi ya munkoyo iliyotwangwa. Mizizi hiyo ina nguvu ya kuvunja wanga, ndiyo sababu uji muzito unakuwa maji na unapata utamu hata bila sukari. Kesho yake watoto wanakunywa. Ukiiacha siku mbili au tatu inakuwa kali, na hapo watoto wanafukuzwa. Wabemba na Walamba wanaijua pande zote mbili za mupaka, na mupaka wenyewe haukuweza kuigawa.

Sasa, muji. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, treni kutoka Rhodesia ikafika mwaka 1910, na Elisabethville ikazaliwa mwaka huohuo. Wafanyakazi wengi wa kwanza walitoka upande wa Rhodesia. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliona afazali mufanyakazi akae miaka mingi, na kwa hiyo akae na bibi yake. Watu wakaletwa kutoka Kasai, Lomami, hata Rwanda na Burundi. Nyumba za kambi zilikuwa zimebanana. Mwanamuke aliyezoea muhogo alikaa ukuta kwa ukuta na mwanamuke aliyezoea muhindi, na wote wawili walipokea posho ileile ya kampuni. Sehemu ya posho iliingia mu chungu cha pombe.

Lutuku ni mutoto wa ndoa ya namna hiyo: bunga ya muhogo pamoja na muhindi uliochipuka na kukaushwa. Vinaachwa siku kadhaa vichache, kisha vinapikwa mu pipa lililofungwa vizuri, mvuke unapita mu tiyo iliyozamishwa mu maji baridi, na pombe inatoka tone kwa tone. Wakasai wanaiita tshitshampa, Wazambia kachasu.

Sheria haikuipenda. Tarehe 10 mwezi wa 9 mwaka 1919, mataifa yaliyokutana Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, Ubelgiji ikiwa kati yao, yalikataza kuingiza na kupika pombe kali za biashara mu sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni juu ya kulinda mwafrika. Whisky ya muzungu haikuguswa. Na mu miaka ya 1920 kiwanda cha bia kikafunguliwa hapa, chenye kutengeneza Simba. Kwa hiyo mwafrika aliruhusiwa kulewa, ila kwa chupa ya kiwanda. Chungu cha mama ndicho kilipigwa teke na polisi. Baada ya 1960 serikali ilibadilika, lakini lutuku ilibaki kinywaji cha kujificha.

Halafu ikafika njaa. Mugodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990 na Gécamines ikaanza kupiga magoti. Mushahara ulikuja kwa kuchelewa, kisha haukuja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa mu kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika juu ya jamaa za wafanyakazi mu kitabu chake *Bana Shaba abandonnés par leur père*, cha mwaka 2001. Baba alirudi nyumbani mikono mitupu. Aliyelisha nyumba mara nyingi alikuwa mama, kwa makala, kwa mboga, kwa pipa la lutuku nyuma ya nyumba. Kati ya wenye diploma wa muji huu, wengi wamesomeshwa na pipa hilo, hata kama hawapendi kulitaja.

Nirudi kwa vijana na tangawisi yao. Kuchanganya si kosa, lakini tangawisi haiondoi sumu, inafunika tu ladha. Mupikaji wa zamani anatupa pombe ya kwanza inayotoka na hatumii tiyo yoyote iliyookotwa njiani. Mwezi wa 11 mwaka 2000, mu mitaa ya mabanda ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine walipofuka macho. Kama haumujui aliyeipika, ndimu haitakusaidia.

Kuna jambo lingine ambalo hatulisemi sana. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga. Walilala siku nyingi ku magare wakingoja treni, na wengine walikufa hapohapo. Kati yao kulikuwa wamama waliopika na wamama zetu ku ukuta uleule. Lutuku iliendelea kunywewa na waliobaki, na hakuna aliyeuliza nani alitufundisha kutia muhogo.

Leo wamefika wengine. Mama mumoja aliyekimbia vita vya Kivu anatafuta namna ya kupika kasiksi hapa. Kwao ndizi zinaiviswa mu shimo, zinakamuliwa kwa majani, kisha maji yake yanatiwa bunga ya mtama iliyokaangwa. Hapa ndizi ni za bei, na mtama hakuupata. Jirani yake Mubemba alimupa mizizi ya munkoyo. Sasa mahali pa mtama anatia uji wa muhindi uliolainishwa na munkoyo, ndizi kidogo tu. Alinionjesha siku ya pili: ilikuwa tamu mbele, chachu nyuma. Nilimuuliza inaitwa namna gani. Alisema yeye na jirani bado hawajasikilizana.