Mizani, Foleni na Doti ya Khanga: Maduka Yaliyotamba Shinyanga na Geita



Biharusi wa Unguja akitaka doti ishirini za khanga leo, anashuka Darajani na kuchagua mpaka achoke. Mwenzake wa Kahama au Geita naye hana shida, maduka yamejaa. Lakini baadhi ya mama na bibi zao waliolewa wakati ambao doti moja ilikuwa jambo la kuombea kibali. La kushangaza zaidi, mama wa Usukumani ndio waliokuwa wakilima pamba yenyewe. Ilikuwaje anayelima pamba akakosa nguo? Jibu limo katika historia ya maduka yaliyowahi kutamba kule, na ndani yake mna somo kwa kila mwanamke anayeshika fedha za wenzake.

Yalianza na mizani

Kabla ya uhuru, mkulima wa Shinyanga au Geita alipeleka pamba yake kwa wanunuzi binafsi, na malalamiko makubwa yalikuwa juu ya mizani. Kilo zilipotea mbele ya macho yake. Sisi tunajua uzito wa dhambi hiyo, maana Qur'ani ina sura nzima, al-Mutaffifin, iliyobeba jina la wanaopunja vipimo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe. Paul Bomani, aliyekuwa akiongoza ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, alisaidia kuwaunganisha, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, maarufu kwa herufi VFCU. Katika miaka michache tu lilikuwa likinunua pamba ya kanda yote ya ziwa na kumiliki viwanda vya kuchambulia, na likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika barani. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha mwaka 1962.

Nguvu ya chama haikuwa mtaji. Ilikuwa kwamba mwanachama aliijua mizani, alimjua aliyeishika, na akiona kasoro aliuliza.

Kutoka ushirika hadi RTC

Mwaka 1962 serikali iliunda COSATA, chombo cha kuyapelekea bidhaa maduka ya ushirika ili mwananchi wa shamba asimtegemee mfanyabiashara mmoja. Nia ilikuwa njema. Lakini maduka mengi yalikopesha ovyo, vitabu havikuandikwa sawasawa, na hasara ikaingia. Vyama vya pamba navyo viliyumba. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 1966 ulikuta ubadhirifu katika vyama vingi nchini, na mwaka uliofuata VFCU ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Baadaye ikageuzwa kuwa chama cha Nyanza.

Mwezi Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Shirika la biashara la taifa, STC, likachukua kazi za makampuni ya kikoloni kama Smith Mackenzie na Dalgety. Kati ya 1973 na 1974 STC nayo iligawanywa, kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara: RTC. Shinyanga ilikuwa na yake. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, hivyo ilitegemea RTC ya Mwanza.

Tusidharau, mwanzoni RTC ilipendwa. Bei ilipangwa na serikali, na mtu hakuhofia kulanguliwa. Sabuni, sukari, mafuta ya taa, khanga za Urafiki kutoka Dar es Salaam, nguo za Mwatex kutoka Mwanza, vyote vilipitia mlango mmoja. 

Rafu zikabaki tupu

Mwaka 1976 yalitokea mambo mawili mazito. Kwanza, Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili nafasi zao zichukuliwe na maduka ya kijiji, ambayo mengi hayakuwa na mtaji wala bidhaa. Pili, mwezi Mei, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Mkulima wa pamba akapoteza chama chake na duka la jirani katika mwaka mmoja.

Kisha vikaja vita vya Uganda vya 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Viwanda vya nguo vilikosa vipuri na rangi, na khanga bila rangi si khanga. Malipo ya pamba yalichelewa, na hata yalipofika hapakuwa na cha kununua. Wakulima wengi wakapunguza pamba, wakalima chakula.

Mzigo uliwaangukia wanawake. Ndio walioamka alfajiri kupanga foleni, wengine wakiacha jiwe au kikapu kishike nafasi. Sukari ya harusi na kitambaa cha sanda vilitafutwa kwa barua ya balozi wa nyumba kumi. Wakati huohuo bidhaa zilitoka kwa mlango wa nyuma na kuuzwa kwa ulanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Wengi walikamatwa, lakini rafu hazikujaa, kwa sababu bidhaa zenyewe zilikuwa chache.

Ruksa, kisha dhahabu

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Mwaka uliofuata akaingia madarakani Mzee wetu Ali Hassan Mwinyi, akitokea urais wa Zanzibar, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. RTC haikuweza kushindana na mfanyabiashara anayeleta mzigo wiki hii na kuuza wiki hiyohiyo. Katika miaka ya 1990 makampuni hayo yalififia.

Vyama vilivyofufuliwa baada ya sheria ya 1982, Nyanza na SHIRECU ya Shinyanga, viliingia kwenye soko huria la pamba mwaka 1994 vikiwa na madeni. Wanunuzi binafsi walikuja na fedha mkononi, na mkulima akawafuata. Malalamiko ya mizani ya kuchezewa nayo yakarudi, kana kwamba miaka arobaini haikupita.

Fedha mpya ikatoka ardhini. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na Kahama na Geita zikakua kwa maduka madogo ya watu binafsi, minada na magulio. Wala tusidhani kuanguka ni kwa maduka ya serikali peke yake. Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015, na Nakumatt, iliyonunua maduka ya Shoprite hapa nchini mwaka 2014, haikudumu. Zote mbili zilielemewa na madeni ya waliowaletea bidhaa.

Tunachobeba

Ushirika wa Usukumani ulisimama wenye mali walipoishika mizani wenyewe, na ukaanguka walipoondolewa mbele yake. Kwa hiyo dada, kabla hujaweka sehemu ya mahari yako kwenye kikundi, upatu au duka la shirika, uliza maswali matatu. Nani anashika hesabu? Mwanachama wa kawaida anaruhusiwa kuziona? Tunadaiwa na nani, kiasi gani? Ukijibiwa kwa hasira badala ya daftari, ondoka na fedha zako.

Kuuliza si kumdhania mtu vibaya. Ndivyo amana inavyolindwa, na waliokuja kupanga foleni Shinyanga walikuwa na haki hiyo tangu mwanzo.