Mtoto Mmoja, Nyumba Mbili

Shauri la kuasili mtoto husikilizwa faraghani. Hakuna ndugu waliojaa kwenye mabenchi wala wapita njia wanaochungulia dirishani. Ndani wamo jaji na karani wake, wakili, afisa ustawi wa jamii aliyebeba taarifa ya uchunguzi, mume na mke walioleta maombi, na mtoto ambaye pengine amesinzia begani. Jaji anasoma, anauliza, anaandika. Amri ikishatoka, mtoto ni wa wale wawili sawasawa na aliyezaliwa katika ndoa yao, na wazazi waliomleta duniani hawana tena haki wala wajibu juu yake. Miaka ya kungoja, kwa wanandoa waliokosa mtoto, inamalizikia katika asubuhi moja. Wengi hutoka wakilia kwa furaha, na furaha yao ni ya haki.

Mtu wa Dutwa, pale kwenye barabara ya kutoka Lamadi kwenda Bariadi, katikati ya mashamba ya pamba ya Usukumani, akisimuliwa hayo ataridhika nusu tu. Atauliza wajomba walikuwa wapi. Atauliza nani alisema kwa niaba ya upande wa mama, na huyu mtoto akija kuoa ugenini atajuaje kwamba haoi dada yake. Wanandoa wakiwa ni wageni kutoka Ulaya au Marekani, ataongeza swali moja: atarudi lini? Maswali haya yana sheria nyuma yake, sheria iliyotangulia mahakama, na naamini jaji angefanya vema kuyasikia.

Tuanze na mahakama, maana ndiyo yenye nguvu ya dola. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya sheria ya kuasili tuliyorithi kwa Waingereza. Mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Ndugu wa mtoto hulegezewa. Mtoto akae na mwombaji kwanza katika malezi ya kambo, afisa ustawi wa jamii akifuatilia. Fedha isipite mkononi mwa yeyote kama bei ya mtoto. Na mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni asikilizwe. Kwa wageni masharti yanaongezeka: wawe wameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, wasiwe na rekodi ya jinai, nchi yao iwe tayari kuitambua amri ya mahakama yetu, na ionekane kwamba mtoto hakupata malezi mengine yanayomfaa hapa nchini. Kwa watu wa Simiyu, mkoa uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, Mahakama Kuu kwa miaka mingi imekuwa ile ya Shinyanga. Anayetoka Dutwa hupita Bariadi, Maswa na Mwigumbi ndipo afike mbele ya jaji.

Sharti la miaka mitatu wageni wengi huliona zito. Mimi naliona kuwa ndilo sharti la Kisukuma kuliko yote yaliyomo katika sheria ile, ingawa waliolitunga huenda hawakuwaza hivyo. Miaka mitatu ya kuishi mahali kama Dutwa inatosha watu kujua nani anampiga mkewe, nani analewa, nani anasalimia wazee akipita kisimani na nani anafunga geti akisikia msiba wa jirani. Taarifa ya ustawi wa jamii hata ikiandikwa kwa uangalifu wote haiufikii ujuzi huo, bali hunufaika nao pale afisa anapokwenda kuuliza majirani. Tena, Tanzania haijajiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 unaosimamia watoto kuasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, wakati Kenya, Rwanda na Burundi zimejiunga. Kwa hiyo mzigo wote unabaki kwa afisa wa wilaya na jaji wetu.

Inafaa kukumbuka kwamba kuasili kwa hati ya mahakama ni jambo geni hata huko lilikotoka. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria yake mwaka 1851. England na Wales hazikuwa na sheria yoyote ya kuasili hadi mwaka 1926, na hata hapo mtoto aliyeasiliwa hakuwa na haki ya kumrithi aliyemwasili mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1949. Walichokifanya kwa ukamilifu tangu mwanzo ni kukata: jina jipya, cheti kipya, na mlango wa nyumba ya kwanza ukafungwa. Ilichukua mpaka mwaka 1975 kwa sheria yao kumruhusu mtu mzima aliyeasiliwa akiwa mtoto kuomba cheti chake cha awali cha kuzaliwa. Vizazi viwili vya watu vilizeeka bila kujua walitoka kwa akina nani. Tuliporithi mfumo huu tulirithi na mkato wake, bila kupata nafasi ya kuyasikia majuto yaliyofuata.

Sasa Usukumani. Kwa Wasukuma, kama kwa jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, ng'ombe ndio walioandika cheti cha kuzaliwa muda mrefu kabla ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kuwepo. Ng'ombe wa mahari wakishahama kutoka kaya ya mume kwenda kaya ya wakwe, watoto ni wa upande wa mume. Wasipohama, watoto ni wa babu mzaa mama, hata kama baba yao anafahamika na kila siku yuko pale. Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyekusanya sheria na mila za Wasukuma na kuzichapisha kitabuni mwaka 1953, aliyaandika haya kwa kirefu, na kazi yake ndiyo iliyozaa Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 279. Humo baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliwekewa njia mbili za kumhalalisha: amwoe mama yake, au amlipe baba wa msichana shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa.

Msomaji wa leo anaweza kushtuka: mtoto kwa shilingi mia, mtoto kwa ng'ombe? Ni haki ashtuke. Lakini aangalie kitu ambacho ng'ombe hawakukifanya. Hawakumfuta mjomba. Mtoto aliyehamia kwa baba kwa njia ya ng'ombe aliendelea kuwa na wajomba, na bibi mzaa mama alibaki kuwa bibi. Anayepelekwa kulelewa kwa babu na bibi, jambo la kawaida kabisa Bariadi na Itilima hadi leo, huenda akakaa huko mpaka aote ndevu, lakini hakuna siku aliyoambiwa kwamba wazazi wake si wazazi tena. Malezi yanahama, nasaba inabaki mahali pake.

Ukivuka kwenda Mara, Wakurya wamefika mbali zaidi. Katika nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hulipa ng'ombe na kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na walirithi jina la nyumba hiyo. Mila hii ina lawama zake, hasa pale binti mdogo anapoozwa kwa njia hiyo, na lawama hizo nazikubali. Ninachokitaja hapa ni kwamba ng'ombe wa kutosha na majirani mashahidi waliweza kuunda uzazi kamili mbele ya macho ya wote. Mahakama hufanya kazi hiyo hiyo mlango ukiwa umefungwa.

Pwani na visiwani hesabu ni nyingine kabisa. Uislamu unasifu sana kumlea yatima, lakini haukubali mtoto apewe ukoo usio wake. Sura ya Al-Ahzab iliamuru watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao, na Zaid, aliyekuwa akiitwa mtoto wa Mtume, akarudi kuitwa Zaid bin Haritha. Kutokana na msingi huo ikajengwa kafala: unamchukua mtoto, unamlisha, unamsomesha, unamwoza, ila jina la babake halimtoki. Harithi kwa nasaba. Unayetaka kumwachia kitu unamwandikia wasia, usiozidi theluthi ya mali yako. Na kwa kuwa mtoto wa kulea akibalehe hawi maharimu nyumbani, ipo njia ya ziwa: akinyonyeshwa mara tano kabla hajatimiza miaka miwili, kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya Waswahili wengi, anakuwa mtoto wa kunyonya, na watoto wa nyumba ile wanakuwa ndugu zake wasiooana naye. Zanzibar iliitambua kafala katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2011, na Kenya ikafuata katika sheria yake ya mwaka 2022. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala kwa jina.

Mzee wa Dutwa na shehe wa Unguja hawafanani kwa dini wala kwa urithi. Mmoja anahesabu ng'ombe, mwingine anahesabu manyonyo. Ila wote wanashikilia neno moja ambalo sheria ya 1926 ililitupa: unaweza kumfanya mtoto kuwa wako bila kumfanya asiwe wa wengine. Na hawako peke yao. Waoromo wa Ethiopia, kwa mila yao ya guddifachaa, humpa mtoto wa kuasili haki zote za mtoto wa kuzaa, na Sheria ya Familia ya Ethiopia ya mwaka 2000 inasema wazi kwamba aliyeasiliwa hubaki na uhusiano na familia yake ya asili. Ufaransa yenyewe ina njia mbili zinazokwenda sambamba: kuasili kamili kunakokata, na kuasili kwa kawaida ambako mtoto anakuwa na familia mbili kisheria.

Njia hizi mbili, ile inayokata na ile inayounganisha, zinapogongana pasipo mtu wa kuzitafsiri, wanaoumia ni maskini. Oktoba 2006, Mahakama Kuu ya Malawi ilimkabidhi mwanamuziki Madonna na mumewe wa wakati ule, Guy Ritchie, mtoto David kwa muda. Baba mzazi, Yohane Banda, alikuwa hai. Siku chache baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakuwa ameelewa kuwa anampoteza mtoto moja kwa moja. Alidhani anakwenda kulelewa, kisha arudi. Kuna waliomcheka. Mimi namwelewa vizuri kabisa: alijibu swali la mahakama kwa akili ya kijiji, ambako kumpa mtu mtoto amlee ni kuunganisha nyumba mbili. Mwaka 2009, Madonna alipomwomba mtoto wa pili, jaji alikataa kwa sababu hakuwa mkazi wa Malawi. Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaibatilisha hukumu hiyo Juni mwaka huohuo.

Uganda yalitokea mabaya zaidi. Mwaka 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili, wakili mmoja na mshirika wake kwa madai kwamba familia za vijijini zilidanganywa kuwa watoto wao wanapelekwa kusoma, kumbe wanaandaliwa kwenda ng'ambo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilizuia watoto walioasiliwa kutoka nchini mwaka 2013, Kenya ikasimamisha wageni kuasili mwaka 2014, na Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018. Nchi moja baada ya nyingine ilichagua kufunga mlango wote, hata kwa mtoto ambaye kweli hakuwa na mtu.

Sitaki kuisifia mila kupita kiasi. Mtoto anayelelewa kwa ndugu bila karatasi anaweza kuwa mchungaji asiyeona darasa. Aliyemlea akifa, ba'mdogo anakuja kuchukua shamba na kumwambia mtoto arudi kwao, wakati kwao pengine hapapo tena. Tamko la 1963 lilimnyima mtoto wa nje ya ndoa urithi wa upande wa baba, na mtoto huyo hakukosea chochote. Wala mila haikumuuliza mtoto anataka nini. Sheria ya 2009 inamuuliza. Amri ya Mahakama Kuu haifutwi na ugomvi wa ukoo, haiyeyuki babu anapofariki, na inamsimamisha mtoto sawa na waliozaliwa ndani. Kwa mtoto aliyeokotwa asiye na ukoo unaojulikana, amri hiyo ni uhai. Wanandoa wageni waliokaa nasi miaka mitatu na kumlea mtoto wa namna hii wanastahili heshima yetu, na siku yao ya mahakama inastahili kusherehekewa Bariadi kama inavyosherehekewa kwao.

Lakini pale ambapo bibi yupo, au mjomba, au mama aliyeshindwa na umaskini, hukumu yangu ni kwamba ridhaa ya leo haitoshi. Karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikasomwa kwa Kiswahili cha haraka, ikawekewa dole gumba na mtu anayewaza kwa Kisukuma, haijawa ridhaa bado. Maafisa ustawi wa jamii wa Bariadi na kwingineko, nawaomba: kaeni na bibi huyo nyumbani kwake, wajomba wakiwepo, mwambieni kwa lugha yake kwamba mtoto hatarudi kwa mujibu wa sheria, kisha mngojee wiki kadhaa mrudi kumuuliza tena. Majina ya ukoo, kijiji na wajomba yaandikwe katika jalada litakalotunzwa mpaka mtoto awe mtu mzima na aweze kulisoma. Na majibu ya bibi yasomwe mbele ya jaji, siku ileile, kabla hajasaini.