Usuli Usiofutwa: Guinier, Preston na Mtawanyiko wa Eksirei katika Aloi za Alumini, 1906–1938

Katika upimaji wa fuwele kwa eksirei, mtafiti hutafuta vilele, yaani pembe ambamo miale iliyotawanywa na safu za atomu huimarishana. Chini ya vilele hivyo daima huwapo mtawanyiko hafifu, ambao makala haya yanauita usuli. Sehemu yake hutokana na hewa iliyomo njiani mwa miale. Sehemu nyingine hutokana na mng'ao wa atomu za sampuli, na mtetemo wao kwa sababu ya joto, na mtawanyiko ambao Arthur Compton aliueleza mwaka 1923. Desturi ya maabara ni kuukadiria usuli na kuutoa. Historia ya aloi za alumini, hata hivyo, inaitilia shaka desturi hiyo.

Mwaka 1906, nchini Ujerumani, Alfred Wilm aligundua kwamba aloi ya alumini yenye shaba na magnesi kidogo, ikipashwa moto na kupozwa ghafla majini, huendelea kuwa ngumu kwa siku kadhaa ikiwa imewekwa tu. Ndege zilijengwa kwa aloi hiyo kabla ya mtu yeyote kujua sababu ya ugumu huo. Mwaka 1919 Merica na wenzake nchini Marekani walipendekeza kwamba chembe ndogo mno hujitenga ndani ya metali. Hoja ilikuwa nzuri, lakini hadubini haikuonesha chembe, na vilele vya eksirei vilibaki vile vile vya alumini. Aliyetazama vilele pekee angeapa kwamba hakuna kilichobadilika.

André Guinier, kijana aliyekuwa akiandaa tasnifu yake ya udaktari Paris, alianzia kwenye kifaa. Alitumia fuwele iliyopindwa ili kuchuja miale, akabakiza urefu mmoja wa wimbi na kuukusanya mahali pamoja. Kwa njia hiyo ukungu uliotokana na miale ya mawimbi mengine uliondoka kwenye filamu kabla ya kupigwa picha, si kwa hesabu baadaye. Kwa maoni yangu, mpangilio huu wa kazi ndio kiini cha mafanikio yake: usuli wa kifaa ulipoondolewa, kilichosalia hakikuweza tena kusingiziwa kifaa. Na kilichosalia kilikuwa michirizi hafifu, isiyo vilele, iliyoelekea pande maalumu za fuwele.

George Preston, aliyefanya kazi katika National Physical Laboratory huko Teddington, Uingereza, aliiona michirizi hiyo hiyo bila kushirikiana naye. Taarifa zao mbili zilitoka zikifuatana katika jarida la Nature mwaka 1938. Wote walifasiri kwamba kitu chembamba sana hutawanya miale kwa mchirizi mrefu. Kwa hiyo atomu za shaba zilikuwa zimejikusanya katika visahani vyenye unene wa tabaka moja au machache ya atomu, sambamba na nyuso za mchemraba wa fuwele ya alumini. Visahani hivyo ndivyo vilivyozuia metali kuteleza.

Programu nyingi za sasa huchora mstari laini chini ya vilele na kuufuta usuli wote kwa amri moja. Filamu za Paris na Teddington zingepita humo zikatoka alumini tupu. Hadubini ya elektroni ilikuja kuvionesha visahani hivyo miaka takriban 20 baadaye, vikiwa tayari vinaitwa kanda za Guinier na Preston.